Wembe Uliogoma Kufunguka

4 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua simu huisikii tangu jiwe la kunolea likuharibie masikio, ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu univumilie. Mkono huu umezoea sindano ya viatu kuliko kalamu.

Ndani ya kifurushi kuna wembe wa Baba, ule wa kukunja wenye mpini wa pembe, ambao Babu alimwachia yeye, na wembe pacha wake akakuachia wewe. Haufunguki. Umeganda ndani ya mpini. Nimejaribu kwa kucha, nimejaribu kwa mafuta ya kupikia, nikaacha kabla sijaharibu. Ni kutu tu, nadhani. Umekaa kwenye droo miaka mitatu, tangu afunge saluni.

Haraka yangu ni hii. Ule uvimbe wa shingoni kwake umekua. Daktari amepanga kuutoa tarehe 16 Juni, na amesema ukiachwa zaidi ya hapo utaanza kuibana njia ya hewa. Shingo lazima inyolewe, na unajua ndevu alizofuga miaka hii mitatu. Sasa Baba amesema shingo yake haiguswi na wembe mwingine ila huo. Hospitalini walimwambia wana nyembe zao mpya kabisa. Akawajibu wakanyolee mapazia. Nimembembeleza, nimemkaripia, nimemnunia siku mbili nzima. Ng'o. Anasema, "Ukifunguka, nitakwenda. Usipofunguka, sina safari."

Ndiyo hali ilivyo. Bila wembe hakuna upasuaji, na bila upasuaji nitampoteza. Kumnyoa nitamnyoa mwenyewe. Alinifundisha nikiwa msichana, kwa maputo yaliyopakwa povu, na niliyapasua mengi kabla hajaniruhusu kugusa shavu la mtu. Wewe nifungulie tu.

Mwanao, fundi viatu


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Wembe umefika. Uko mezani mbele yangu, na una ukaidi uleule wa mwenye nao.

Nikueleze ninavyofanya, usije ukaniandikia kila baada ya siku mbili kuniuliza bado. Wembe ulioganda haulazimishwi. Wanaoniletea nyembe za mababu zao, wale wanaozitaka za kutazama tu kabatini, nusu yao huzileta zikiwa na bapa lililokatika, kwa sababu kuna mtu alishika koleo akavuta. Bapa la wembe ni gumu lakini linakatika kama biskuti. Mimi naweka tone moja la mafuta laini kwenye pini, ile ya shaba inayolishikilia bapa kwenye mpini. Tone upande huu, tone upande ule, asubuhi na jioni, kisha naenda kufanya mambo mengine. Siku ya nne naubonyeza mkia wa bapa kwa kidole gumba, polepole. Ukitikisika hata kidogo, kazi imekwisha. Usipotikisika, mafuta tena.

Ipo njia nyingine, ya kukichonga kichwa cha pini na kuisukuma itoke. Siitaki. Pini hiyo aliigonga Babu yako, na alama ya nyundo yake bado iko pale, upande wa kushoto, amekosea kidogo.

Nitumie uzi wako wa kushonea soli, ule uliopakwa nta. Nataka kuupitisha kati ya bapa na mpini na kuuvuta huku na huku kama msumeno.

Mwambie Kaka aache ukaidi, ingawa najua hutamwambia.

Baba Mdogo


13 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Uzi huo hapo, mita nne. Ni ule ninaoshonea buti za wafanyakazi wa machimbo, haukatiki ovyo.

Kweli sikumwambia. Kila asubuhi anakaa kwenye kile kiti chake cha saluni cha kuzunguka, tulichokiweka sebuleni mbele ya kioo kikubwa, na ananiuliza kama kuna barua. Nikisema hakuna, anajizungusha na kukipa kioo mgongo. Mkono wa kulia umo mfukoni mwa koti muda wote, iwe joto iwe baridi. Anakula kwa mkono wa kushoto. Hatuuzungumzii mkono huo. Wewe unajua alivyowaaga wateja wake. "Wembe umeganda, basi na mimi nimeganda." Watu wakacheka, wakaenda zao, na hakuna aliyeuliza zaidi. Mtu aliyeitwa Unyoya mji mzima kwa wepesi wa mkono, nani angemuuliza?

Amekubali kupimwa damu, lakini shingo upande, kama unaweza kusema hivyo juu ya mtu mwenye uvimbe shingoni.

Mwanao


18 Mei

Mwanangu,

Si kutu.

Kutu ipo, lakini ni ya juujuu, ya kama ngozi ya kitunguu, nayo imetoka kwa msasa laini bila shida. Pini imelainika tangu juzi. Nikiigusa inazunguka. Hata hivyo bapa halitoki. Nimechukua miwani yangu mikubwa nikachungulia kwenye mfereji wa mpini, nikaona kitu cha njano iliyochakaa kimejaa toka mkiani hadi nchani. Nimekikwaruza kwa ncha ya sindano. Ni gundi.

Wembe hauingiwi na gundi wenyewe. Kuna mtu aliyeimimina, na kwa utulivu, maana haikumwagika nje hata tone. Sikuulizi ni nani. Mimi ni fundi, si polisi. Nakuuliza ni gundi gani, maana kila gundi ina dawa yake. Ya mbao huachia kwa maji ya uvuguvugu. Ya mpira huachia kwa petroli. Ile ya kuchanganya ya chupa mbili haiachii kitu, na kama ndiyo hiyo niambie mapema nisipoteze siku. Kubahatisha sitaki. Mpini ni wa pembe, na pembe ni kama kucha: ikilowa sana inavimba, na ikivimba inapasuka.

Ulizauliza hapo nyumbani. Tarehe haitusubiri.

Baba Mdogo


22 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimejaribu kukumbuka. Nafikiri mpini uliwahi kulegea, na Baba akampa yule seremala wa mtaa wa nyuma aukaze. Seremala mwenyewe amehama, siwezi kumuuliza. Lakini yeye gundi yake ni ya mbao, hana nyingine. Tumia hayo maji ya uvuguvugu.

Baba amepungua sauti. Akisema sentensi ndefu anakaa kidogo katikati kuvuta hewa, halafu anajifanya alikuwa anafikiri.

Mwanao


29 Mei

Mwanangu,

Nina habari mbaya, na sina namna ya kuipamba.

Niliuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nusu saa, nikautoa, nikautazama. Gundi iko palepale. Nikarudisha nusu saa nyingine. Nikarudisha tena. Gundi ya mbao kwa muda huo ingekuwa uji. Hii haikunisikiliza kabisa. Mara ya nne mpini ukatoa mlio, na nilipougeuza niliona ufa, toka kwenye pini hadi karibu na katikati, upande wa kulia. Mpini alioushika Babu yako miaka arobaini na baba yako thelathini na moja, nimeupasua mimi kwenye bakuli la supu. Nimeumia. Sikugusa kazi nyingine siku ile.

Nimeukausha kwa kitambaa na nimeubana usiendelee kupanuka. Kisha nikang'oa kipande kidogo cha ile gundi kwa sindano na kukivuta. Kilivutika. Nilipokiachia, kikarudi. Gundi ya namna hiyo nimewahi kuiona sehemu moja tu, chini ya kiatu changu cha kushoto, siku uliponibandikia soli.

Zimebaki siku kumi na nane, na posta inakula nne. Kama kuna jambo unalijua, liseme. Petroli nayo nikiitumia mahali pasipo pake itakausha pembe iliyokwisha kupasuka na mpini utamalizika wote. Nataka kuambiwa, sitaki tena kudhani.

Baba Mdogo


2 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ni gundi ya viatu. Ile ya njano, ya kopo. Niliiweka mimi.

Seremala hana kosa. Nilimsingizia kwa sababu amehama. Nilipoandika barua ile nilijiambia kwamba maji ya uvuguvugu hayawezi kumdhuru mtu, na kwamba ungehangaika kidogo halafu ungejaribu petroli mwenyewe bila kuniuliza. Sikujua habari ya pembe. Ufa ule ni wangu, usijilaumu. Naona aibu sana.

Nikueleze ilivyokuwa. Mkono wa Baba ulianza kutetemeka mwaka mmoja kabla hajafunga. Kwanza ulikuwa unatetemeka akishika kikombe, lakini akishika wembe unatulia. Kisha ukawa hautulii. Alimchana sikio mwalimu mkuu, wakacheka wote wawili, Baba akasema nzi alimgusa. Hapakuwa na nzi. Wiki iliyofuata alikuja yule karani wa posta, ambaye husinzia kila akilala kwenye kiti kile. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango na kiatu mapajani. Wembe ulikuwa chini ya kidevu cha karani, na mkono wa Baba ukaruka. Aliuinua kwa wakati. Karani hakuamka. Baba alisimama vile na wembe hewani, mkono ukimcheza, halafu akaufuta, akarudi pale pale shingoni akaendelea kunyoa. Nilimsubiri mpaka amalize.

Sikuweza kumwambia aache. Nilijaribu mara mbili. Utamwambiaje Unyoya kwamba mkono wake utaua mtu? Na nilijua hanyoi kwa wembe mwingine. Kwa hiyo Jumapili, amelala chumba cha nyuma, niliutoa kwenye droo, nikamimina gundi kwa ncha ya sindano, nikaukunja, nikaubana kwa kibanio changu cha soli. Kisha nikaupaka maji ya chumvi ili ushike kutu. Kesho yake alimwambia mteja kwamba wembe una unyevu, arudi wiki ijayo. Wiki ilipofika aliushika mbele ya watu, akajaribu mara mbili, akauweka mezani. Akasema, "Basi." Hakuujaribu tena tangu siku hiyo. Mimi nilikuwa nashona, nikajitia hamnazo.

Sasa ameutaka huohuo. Kati ya vitu vyote duniani.

Nisaidie na hili pia. Nimwambie, au ninyamaze? Akifa juu ya meza ya upasuaji bila kujua, nitakuwa nimemdanganya mpaka kaburini. Nikimwambia, atakasirika na hatakwenda, na nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu. Sijui lipi ni jepesi.

Mwanao


2 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko huu usiucheke. Nilianza saa tatu, sasa ni adhuhuri.

Binti ametoka kwenda posta na barua yako ya mwisho iko mfukoni mwa aproni yake. Sijaisoma. Sina haja. Tangu aipokee hali, hasemi, anaponda visigino vya watu kwa nyundo kama wamemkosea. Najua umeiona gundi.

Nilimwona akiiweka. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, nami nilikuwa macho. Kinyozi aliyekaa kazini miaka thelathini na moja haangalii watu, anaangalia kioo. Kwenye kioo nilimwona mgongo, kisha mikono. Mikono imetulia kabisa. Nikajisemea, laiti angekuwa nayo mikono ile mtu mwenye saluni.

Ningeweza kununua wembe mwingine, au kuja kwako. Sikuja. Siku ile ya karani nilikuwa nimejiapiza niache, na kesho yake nikashindwa. Yule mtoto alinifanyia jambo nililoshindwa mwenyewe, na akaniachia heshima yangu mbele ya wateja. Miaka mitatu natafuta namna ya kumshukuru bila kuutaja mkono. Sijapata.

Nimeutaka wembe kwa sababu nisipoamka kwenye meza ya daktari, atabaki na kopo lile la gundi peke yake maisha yake yote. Nataka ufunguliwe nikiwa hai, na aufungue yeye au autume ufunguliwe. Najua nimemtisha kwa afya yangu. Ni ubaya. Sikuwa na njia nyingine.

Usimwambie kwamba najua. Fungua tu.

Kaka yako


8 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nimesoma barua yako na barua ya binti siku moja, moja asubuhi na nyingine baada ya chakula. Sijapata kuona watu wawili katika nyumba moja wakihangaika hivi kwa kupitia posta.

Nimekausha, sijamwambia kitu. Ila nimempa ushauri, na wewe nakupa wako. Akianza kusema, usijifanye umesinzia. Nakujua.

Wembe umefunguka. Mpini una ufa. Nisamehe mimi, usimguse yeye kwa hilo.

Mdogo wako


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wembe huo hapo.

Ukishajua jina la gundi, kazi ni ndogo. Niliuchovya uzi wako kwenye petroli, nikaupitisha kwenye mfereji kuanzia nchani, nikavuta huku na huku. Uzi ukatoka na uchafu wa njano. Nikakata kipande kingine. Mita tatu na nusu zilikwenda hivyo, siku mbili, na kila mara nikiipaka pembe mafuta isikauke. Jana saa nne asubuhi niliubonyeza mkia wa bapa kwa kidole gumba na ukatikisika. Nikauacha nikanywa chai kwanza. Kisha nikaufungua. Pini ya Babu yako haijaguswa.

Bapa ndani ni jeupe. Gundi yako ililiziba lisipate hewa, na halina kutu hata kidogo mahali makali yalipo. Nimelinoa. Uwe mwangalifu, linakata unywele ukilidondokea.

Nusu mita ya uzi iliyobaki nimeizungushia mpini penye ufa, nikaifunga kwa fundo lenu la mafundi viatu. Nililikosea mara tatu. Si zuri kwa macho, lakini mkononi halitelezi.

Uliyoniandikia nimeyasikia. Sina hukumu ya kukupa. Karani wa posta, kama angejua, angekubeba begani. Umeniuliza umwambie au unyamaze. Mwambie. Lakini usimwambie mezani wala kitandani. Mwambie akiwa ameshapakwa povu hadi puani, na wembe uko mkononi mwako. Mtu mwenye povu mdomoni hamkatizi mwenzake, na Kaka hawezi kuinuka kwenye kiti akiwa amenyolewa upande mmoja. Hiyo aibu hawezi kuibeba.

Baba Mdogo


17 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kwanza nikutoe wasiwasi. Ametoka salama. Uvimbe wameutoa wote, anapumua mwenyewe, na asubuhi hii amewalalamikia wauguzi kuhusu mto. Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, nikisubiri kuruhusiwa kuingia.

Nilimnyoa juzi jioni, jua bado lipo, kwenye kiti chake mbele ya kioo. Nilimpa wembe kwanza aushike. Aliuchukua kwa mkono wa kushoto, akaufungua, akaufunga, akaufungua. Akaupapasa uzi pale kwenye ufa. Akanirudishia.

Nilimpaka povu kama ulivyosema, hadi puani. Nilianza na mashavu ili mkono uzoee. Nilipofika shingoni, juu ya ule uvimbe, nikasema, "Baba, huu wembe haukuganda kwa kutu." Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, nimeyakariri njia nzima kutoka posta. Yakaishia hapo.

Alikuwa ananitazama kwenye kioo. Akasema, ndani ya povu, "Gundi uliweka nyingi mno. Nusu yake ingetosha."

Mkono wangu ukaruka. Maisha yangu yote wembe haujawahi kuniruka. Nilimkata chini ya kidevu, kidogo, kama mkwaruzo wa paka. Nikaanza kulia na wembe mkononi, kitu alichonikataza tangu wakati wa maputo. Yeye akatoa mkono wa kulia mfukoni. Akachukua jiwe la shabu, la kuzuia damu, kwenye meza, akaliweka penye damu mwenyewe. Lilimgonga kidevuni mara kadhaa kabla ya kutulia, na sote wawili tuliona kwenye kioo. Akasema, "Hata mimi nilianza hivyo. Malizia, nina safari."

Nikamaliza. Ilichukua muda. Nilimwambia kuhusu seremala pia, naye akasema seremala alikuwa anastahili kusingiziwa kitu.

Jana asubuhi muuguzi alikuja na sinia lake na nyembe zao mpya, akamkagua shingo kwa kidole, juu, chini, pembeni. Akasema hajawahi kuletewa mgonjwa aliyenyolewa vizuri hivi, hana la kufanya. Akauliza kinyozi wake ni nani. Nikamsubiri Baba ataje jina lake mwenyewe, kama alivyofanya siku zote. Alitoa mkono wa kulia chini ya shuka akaninyooshea kidole. Kidole kilitetemeka muda wote muuguzi akinitazama, na hakukirudisha.

Mwanao